Tajiri anaporusha jeti yake mwenyewe: leseni inaruhusu, lakini nani atamwambia hapana?

Usiku wa tarehe 29 Desemba 2016, karibu saa tano, ndege ndogo ya jeti aina ya Cessna Citation CJ4 iliruka kutoka uwanja wa Burke Lakefront mjini Cleveland, Marekani, kuelekea Columbus, mji mwingine wa jimbo hilohilo la Ohio. Ndani yake walikuwa watu sita waliokuwa wametoka kutazama mechi ya basketi. Aliyeshika usukani alikuwa mfanyabiashara, si rubani wa kuajiriwa. Dakika moja hivi baadaye ndege ilianguka katika ziwa Erie. Wote walikufa.

Mfanyabiashara huyo alikuwa na leseni ya rubani binafsi, ile ambayo nchini Marekani mtu anaweza kuipata baada ya saa 40 tu za mazoezi. Je, leseni hiyo inatosha kurusha jeti inayokwenda zaidi ya kilomita 800 kwa saa? Kisheria, ndiyo.

Wengi hudhani kwamba neno «binafsi» linahusu ukubwa wa ndege. Hapana, linahusu pesa. Mwenye leseni hiyo anaweza kujirusha yeye, familia yake na rafiki zake, ila haruhusiwi kulipwa kwa kazi ya urubani. Kuhusu mashine yenyewe, sheria ya Marekani inaweka masharti mengine. Jeti yoyote, hata ndogo kabisa, inadai kibali cha aina hiyo ya ndege, na mtihani wake hupimwa kwa kiwango kilekile cha marubani wa mashirika makubwa. Anayekwenda juu ya futi 18.000, ambako jeti hutumia mafuta vizuri, lazima awe pia na kibali cha kuruka kwa kutegemea vyombo. Na kila mwaka anarudi kupimwa upya.

Kwa hiyo kusema kwamba hawa ni watu wasiojua kitu ni kuwaonea. Rubani wa Cleveland alikuwa na vibali hivyo vyote. Kile cha CJ4 alikipata mwezi huohuo wa Desemba.

Hapo ndipo penye tatizo. Kabla ya hapo alikuwa anarusha Citation Mustang, jeti ndogo zaidi. Wachunguzi wa NTSB, ofisi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, walieleza kwamba alipoteza mwelekeo angani katika giza. Aliamini mtambo wa ndege kujiendesha umekwisha washwa, kumbe bado. Vitufe na chombo kinachoonyesha mkao wa ndege havikufanana na vile alivyovizoea. Sauti za onyo zililia, lakini muda haukubaki. Tena alikuwa amechoka: alikuwa macho karibu saa 17.

Fikiria usiku uleule katika shirika la ndege. Kungekuwa na marubani wawili, mmoja akiona kosa la mwenzake. Saa za kazi na za mapumziko zingekuwa zimehesabiwa, na mtu ofisini angekuwa na mamlaka ya kusema safari hii ingoje kesho. CJ4 imeruhusiwa na watengenezaji na serikali kurushwa na mtu mmoja, na sheria za mapumziko za mashirika hazimgusi mtu anayerusha familia yake. Mwenye ndege, rubani na mkubwa wa safari ni mtu mmoja. Akiwa na haraka ya kurudi nyumbani, hakuna wa kubishana naye, isipokuwa pengine kampuni ya bima, ambayo mara nyingi humdai mgeni wa jeti aruke kwanza na rubani mzoefu pembeni.

Upande wa pesa una hatari zake. Wapenzi wa mpira wanamkumbuka Emiliano Sala, mchezaji wa Argentina aliyekufa tarehe 21 Januari 2019 akitoka Nantes kwenda Cardiff. Ndege yake haikuwa jeti, ilikuwa Piper Malibu ya injini moja ya pistoni. Lakini rubani alikuwa na leseni binafsi, na hakuwa na haki ya kubeba abiria kwa malipo, wala ya kuruka usiku. David Henderson, aliyepanga safari hiyo, alihukumiwa mwaka wa 2021 nchini Uingereza miezi 18 gerezani kwa kuhatarisha usalama wa ndege.

Mgawanyo huu wa leseni unatoka kwa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ambalo Kongo ni mwanachama wake. Msafiri wa Shabunda anayepanda ndege ndogo kwa sababu barabara haipitiki ana haki ya kuuliza swali lilelile ambalo Sala hakulipatia jibu: rubani huyu ana leseni ya kubeba watu kwa malipo?

Watengenezaji nao wanatafuta dawa. Cirrus Vision Jet, yenye injini moja, ina parashuti ya kushusha ndege nzima, na tangu 2020 ina kitufe ambacho abiria anabonyeza rubani akizimia, ndege ikatafuta uwanja na kutua yenyewe. Kitufe hicho hutumika ndege ikiwa tayari angani. Uamuzi wa kuruka au kulala Cleveland mpaka asubuhi bado ni wa mwenye ndege peke yake.