Gari la Kale Si Maiti

Kiswahili kina methali mbili ambazo hazijawahi kupatana. Ya kwanza husema mwacha asili ni mtumwa. Ya pili hujibu kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Kila kitu cha kale kinapohitaji kutengenezwa, kiwe nyumba ya mawe, jahazi au kabati la mninga, wafuasi wa methali hizi hukutana na kugombana, na mara nyingi kitu chenyewe hufa ilhali wao wangali wanahojiana. Ugomvi huo umeingia pia katika magari. Magari ya mbio yaliyoundwa miaka ya 1960 na 1970, ambayo yamebaki machache mno katika Afrika Mashariki, yanavutwa na makundi mawili. Kundi moja linataka yarudishwe kama yalivyotoka kiwandani hadi parafujo la mwisho. La pili linataka kuyavisha kila kilichoingia sokoni jana. Ukweli ni kwamba makundi yote mawili yanaua, na jawabu haliko katika baraza za wapenzi wa magari mijini. Liko nyanda za juu kusini, katika barabara itokayo Makambako kwenda Njombe, na katika mikono ya mafundi ambao makundi yote mawili huwadharau.

Lichukuliwe gari moja liwe mfano. Datsun 240Z ilianza kuuzwa mwaka 1969: gari la milango miwili, refu la pua, fupi la mgongo, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa safu moja, ujazo wa lita 2.4 na kabureta mbili. Japani ndiko lilikozaliwa, lakini sifa yake kubwa ililipata katika vumbi na tope la Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 na kupita katika ardhi ya Kenya, Uganda na Tanganyika, yalishindwa na gari hili mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller. Mwaka 1973 likashinda tena, safari hiyo likiwa mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiwa na Lofty Drews. Kwa hiyo Datsun 240Z si gari la kigeni tu lililopita njia. Ni sehemu ya kumbukumbu ya watu wa eneo hili, waliosimama kando ya barabara usiku kusubiri mlio wake.

Hapo ndipo hoja ya watetezi wa asili inapoanza kupasuka. Wanalipenda gari hili kwa ushindi wake, kisha wanadai lisiguswe kwa kuwa likiguswa litapoteza asili. Lakini gari lililoshinda Safari halikuwa gari la dukani. Lilikuwa limeimarishwa bodi, limeongezwa taa, limekingwa tumbo dhidi ya mawe na limebadilishwa shokomzoba. Mafundi walilishika kwanza, ndipo madereva wakalishika. Anayetaka gari la ushindi na papo hapo akataka gari lisiloguswa anaomba mvua na jua saa moja.

Sasa gari kama hilo na lipandishwe milimani. Makambako ni njia panda: barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Zambia hupita hapo, reli ya TAZARA ina stesheni hapo, na barabara ya kusini huanzia hapo kuelekea Njombe na Songea. Kutoka Makambako hadi Njombe ni kiasi cha kilomita 60, na barabara hupanda na kushuka katikati ya mashamba ya viazi, misitu ya misonobari na miwati, na malori yaliyobeba mbao. Njombe yenyewe imekaa karibu mita 2,000 juu ya bahari. Baridi yake huuma, na ukungu wake huweza kuficha lori zima hatua chache mbele ya dereva. Barabara ya namna hiyo haijali methali. Hulipima gari kwa mambo matatu tu: linavyopumua, linavyoona na linavyosimama.

Linavyopumua ni jambo la kwanza. Hewa ya kimo cha Njombe ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya tano. Kabureta iliyosawazishwa Unguja au Tanga itamwaga petroli nyingi kupita hewa inayopatikana. Gari litatoa moshi mweusi, plagi zitashika masizi, na nguvu itapungua. Mtetezi wa asili atasema liachwe kama lilivyo. Mpenda mapya atasema kabureta zing'olewe, uwekwe mfumo wa kompyuta unaojipimia wenyewe. Fundi wa nyanda za juu huinama, akageuza nati ndogo iliyo chini ya kila kabureta, akasikiliza, akageuza tena. Kazi imekwisha, na sauti ya gari imebaki ile ile. Chombo kiliumbwa tangu awali kiweze kurekebishwa; kilichokosekana ni sikio tu.

Kuona na kusimama ni mambo mazito zaidi, maana hapo kinachozungumzwa ni roho za watu. Katika 240Z umeme wote wa taa za mbele hupita katika swichi ya usukani, na baada ya miaka hamsini swichi na waya hizo huchoka, huunguza fyuzi, na taa hufifia. Breki zake za mbele ni za diski, za nyuma ni za dramu, nazo zilitosha kwa barabara za wakati wake. Hazitoshi kwa mtu anayeteremka katika mvua nyuma ya lori la mbao. Hata hivyo wapo wanaosema kwa fahari kwamba gari lao lina breki zile zile za kiwandani. Fahari hiyo ni ya ajabu. Mtu anayeteremka mlima kwa breki asizoziamini, ili asisutwe barazani, amelipenda jina la kitu kuliko kitu chenyewe, na kuliko mtoto anayevuka barabara mbele yake.

Tena usafi wanaoudai haupo. Magari mengi ya kizazi hicho yaliundwa kwa petroli yenye risasi, na kufikia mwaka 2006 nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana na petroli hiyo kwa sababu ya sumu yake. Kwa hiyo hata gari ambalo halijabadilishwa nati moja linakunywa kisichokuwa cha asili yake. Matairi nayo si yale, oili si ile, lami si ile. Na kama watetezi hao wanataka ushahidi kutoka kwa wakuu wao, upo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lilipitisha mwaka 2012 hati iitwayo Hati ya Turin. Hati hiyo hailazimishi magari yawe sanamu. Inakubali mabadiliko kwa ajili ya usalama, kwa sharti kwamba yasipige kelele, yaweze kuondolewa, na kilichotolewa kihifadhiwe. Wanaojiita walinzi wa sheria wamekuwa wakali kuliko sheria.

Watu wa visiwani hawahitaji kwenda mbali kuona mwisho wa kitu kilichoachwa bila kazi. Mtepe, chombo kilichoshonwa kwa kamba bila misumari, ulitoweka baharini katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mwaka 2003 ulijengwa mfano wake ukawekwa ndani ya Beit el-Ajaib, na Desemba 2020 sehemu ya jumba hilo ikaporomoka. Mfano ni jambo jema, lakini hauvui wala hauchukui shehena. Jahazi lilibaki baharini kwa sababu wenyewe walikubali kulibadilisha mbao iliyooza, kulitia kalfati, na hatimaye wengine wakalitia mashine. Gari nalo lina uchaguzi huo huo wa mtepe na jahazi.

Lakini ushindi juu ya kundi la kwanza usilipe kundi la pili kiburi. Wapenda mapya wana dhambi zao, na dhambi zao haziponyeki. Hukata bodi kwa msumeno ili injini isiyo yake ipate kuingia. Huchana mabawa ya magurudumu ili ringi pana zikae. Hung'oa dashibodi yenye saa za duara, wakabandika kioo cha kuonyeshea picha. Hufunga taa nyeupe kali ambazo katika ukungu wa Njombe humrudishia dereva ukuta wa maziwa machoni na kumpofusha anayekuja. Kutu huifukia kwa puti na rangi ya kung'aa. Mwenye gari wa pwani, anayejua jinsi chumvi inavyokula bati kutoka ndani, anaelewa kwamba puti juu ya kutu ni kitambaa cheupe juu ya kidonda kinachooza. Waliotenda haya huita kazi yao ufufuo. Aliyefufuka lakini hana uso wake, hana sauti yake wala mwendo wake, ni mtu mwingine aliyevishwa nguo za marehemu.

Kipimo basi ni kipi? Wapenzi wa mashairi wanacho tayari. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, uliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Leo wengi huusoma kwa herufi za Kirumi zilizopigwa chapa. Hakuna aliyewahi kusema kwamba utendi huo umekuwa bandia. Herufi zilibadilika ili wasomaji wapatikane, ila mizani na vina havikuguswa, maana anayevigusa hivyo ametunga utendi wake mwenyewe na aupe jina lake. Gari nalo lina herufi zake na lina mizani yake. Breki, waya, mikanda ya usalama, mipira ya mafuta na matairi ni herufi. Umbo la bodi, injini, kabureta, mpangilio wa usukani na saa za dashibodi, na mlio unaotoka nyuma, hayo ni mizani.

Fundi mwenye kipimo hicho hahitaji fedha za kifalme. Kaliper za breki zenye pistoni nne, zilizotengenezwa kwa ajili ya Toyota Hilux za magurudumu manne ya kuvuta za mwanzoni mwa miaka ya 1980, huingia katika ekseli ya mbele ya 240Z kwa bolti, bila kukata chuma. Hilux ni gari la kila siku nyanda za juu, na spea zake si za kuagizwa ng'ambo. Relei mbili zilizofichwa nyuma ya taa huipunguzia swichi ya zamani mzigo, nazo taa hurudi kuwaka kwa nguvu zake zote. Viguso vya umeme ndani ya distributa, vinavyochakaa na kuhitaji kusawazishwa kila mara, hubadilishwa kwa kifaa cha kielektroniki kinachokaa chini ya kifuniko kile kile. Bati lililooza hukatwa likachomelewa bati jingine la unene ule ule. Anayelitazama gari hilo nje haoni tofauti. Anayeliendesha hadi Njombe na kurudi akiwa hai ndiye anayeiona.

Wapo watakaouliza kwa haki kabisa: katika nchi yenye mahitaji mengi, kwa nini kulililia gari la starehe? Jibu ni kwamba mkono unaookoa gari hilo ndio mkono unaoshika breki za basi la wanafunzi na gari la wagonjwa. Fundi anayejua kusikia kabureta, kupima dramu kwa kidole na kuunda kipuri kisichouzwa tena, ana elimu ambayo haikuandikwa popote. Mafundi wa namna hiyo wanazeeka. Vijana wanaowafuata hufundishwa kubadilisha kipuri kizima kwa kipuri kizima. Gari lisilo na kipuri dukani huitwa mkweche, hupimwa kwa kilo na kupelekwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Likishakatwa, elimu ya kulitengeneza haina tena mahali pa kufundishiwa.

Lugha ya serikali na ya mitaani imezipa karakana hizi za kando ya barabara jina la gereji bubu, kwa kuwa hazina usajili. Jina hilo ni tusi lisilostahili. Gereji hizo si bubu. Aliyekosekana ni wa kuzisikiliza. Vyuo vya VETA na viwaite wazee hao wakafundishe hata kama hawana vyeti, na wanafunzi waandike wanachoambiwa. Wenye magari nao waweke daftari la kila kilichobadilishwa, siku na sababu, na kila kipuri kilichotolewa kifungwe, kiandikwe jina, kiwekwe stoo, ili kizazi kijacho kikitaka kukirudisha kiwe na cha kurudisha. Na walipe ujira wa ufundi, si bei ya kubembeleza.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi akifa bila mwanafunzi, koleo jipya litalala bure. Watetezi wa asili na wapenda mapya waendelee kujibizana wakipenda. Gari la kale halina muda huo. Linahitaji breki za leo, sauti ya jana, na barabara ya kupanda.