Mpelelezi wa Fumba na Kijana wa Liparamba

Agosti 2024 Serikali ya Zanzibar ilitangaza kumtengea Idris Elba karibu hekta 80 huko Fumba ajenge studio ya filamu. Vifijo vikarindima. Lakini vifijo si hoja.

Elba, mzaliwa wa London mwaka 1972, alivuka bahari hadi Marekani kutafuta nafasi alizozikosa kwao. Alipata jina kwa kuigiza mhalifu katika The Wire, kuanzia 2002. Ndipo mwaka 2010 BBC ikamvisha upelelezi wa Luther. Mwaka 2016 aliwaambia wabunge wa Uingereza kwamba kipaji kimeenea kote, nafasi haikuenea.

Basi hoja hiyo na imrejee mwenyewe. Fumba pasigeuke pahala ambapo mgeni huigiza na mwenyeji hubeba taa. Unguja ina mpelelezi wake tangu mwaka 1960: Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, mwenye kiko mdomoni na Kiswahili kisicho deni. Huyo na apewe mwigizaji.

Wala mwigizaji si lazima atoke Mjini. Aweza kutoka Liparamba, mkoani Ruvuma, jirani na mpaka wa Msumbiji, ambako kipaji kipo na nauli ya kufika Fumba haipo. Hekta 80 si sadaka. Zina thamani yake. Mkataba utaje mafunzo kwa Kiswahili, wahusika wakuu wanaosema Kiswahili, na nafasi ya kijana wa Liparamba. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema apige makofi.