Nukta Tatu za Shini



Uingiapo mwezi wa Shaabani nyumba zetu hupata uhai mpya. Mapazia hufuliwa, kuta hupakwa chokaa, na mikeka huanikwa. Mabinti wa siku hizi wameongeza jambo jingine: hutengeneza pambo la Ramadhani katika kompyuta, wakalichapisha na kulitia katika fremu. Baadhi ya wazee wameniuliza kama huo si upuuzi. Nami nitaeleza niyajuayo, pamoja na kosa langu mwenyewe.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe. Katika intaneti hupatikana vifurushi vya mapambo, vilivyokusudiwa hasa kwa watu wanaopamba vitabu vya picha za jamaa zao. Ndani yake mna karatasi za nakshi, kwa kawaida za mraba wa inchi 12 kwa 12, na vipambo vidogo vidogo kama utepe, maua, taa na mwezi mwandamo. Vipambo hivyo vimekatwa pembezoni na kuachwa bila ya rangi nyuma yake, hata viweze kuwekwa juu ya karatasi yoyote. Basi hapana haja ya gundi wala mkasi. Ila ukitaka pambo litoke safi, liwe na nukta 300 katika kila inchi, yaani kwa karatasi ya A4 nukta 2480 kwa upana na 3508 kwa urefu. Zikipungua sana, pambo hutoka na ukungu.

Vingi katika vifurushi hivyo vimetengenezwa katika nchi za baridi, kwa hiyo vimejaa theluji na majani mekundu yaangukayo. Si dhambi kuvitundika, lakini vyatuhusu nini sisi wa pwani, tujuao kusi na kaskazi, masika na vuli? Tena mwaka wetu wa dini ni wa mwezi, wenye siku 354 au 355, na Ramadhani hutangulia kwa siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Mwaka 2024 tulianza kufunga karibu na tarehe 12 Machi, na mwaka 2025 karibu na tarehe 2 Machi. Mwezi huo haukufungwa na ua wala hali ya hewa. Afadhali tufuate hesabu ya bibi zetu: Ramadhani, kisha Mfungo Mosi wenye Idd, Mfungo Tatu wenye Hija, na Mfungo Nne unaofungua mwaka. Fremu moja yatosha kwa yote hayo, kwani hubadilishwa karatasi tu. Kwa njia hiyo nyumba hupambwa bila ya israfu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Katika Shaabani ya mwaka 1446, yaani Februari 2025, wasichana wakubwa wa chuo changu waliniomba niwaandikie mwanzo wa aya ya 185 ya Sura al-Baqara, inayoutaja mwezi wa Ramadhani. Walitaka mkono wangu kwa sababu baadhi ya programu huziharibu herufi za Kiarabu, zikatoka moja moja bila ya kushikana, tena zikaanza kushoto. Nikaandika kwa kalamu ya mwanzi. Binti mmoja akaipiga picha kwa simu, akafuta madoadoa ya karatasi, kisha akayaweka maandishi juu ya karatasi ya nakshi ya kijani. Waliponiletea nilitazama mara moja tu, nikasema, "Mashallah, chapisheni." Zikachapishwa nakala 30, wakapewa wazazi.

Siku ya tatu mtoto wa miaka saba, ambaye bado yu katika kujifunza herufi, alisimama mbele ya fremu ya chuoni akisoma herufi moja moja. Akaniambia, "Maalim, hapa pana sini."

Nikamjibu, "Tazama vizuri, mwanangu. Hiyo ni shini."

Akauliza, "Nukta zake ziko wapi, Maalim?"

Nikavaa miwani. Nukta tatu za shini hazikuwapo. Yule binti alipokuwa akifuta madoa alizifuta na hizo, akidhani ni uchafu. Neno lililokuwa mwezi halikuwa mwezi tena.

Ndugu zangu, maneno hayo nimeyahifadhi tangu sijabaleghe. Nilipoishika ile karatasi sikusoma kilichoandikwa; nilisoma kilichomo kifuani mwangu. Mtoto hakuwa amehifadhi, kwa hiyo alilazimika kutazama.

Sitaficha kwamba nafsi yangu ilinishawishi kunyamaza. Ikaniambia: nani atakayeona? Tena si wewe uliyefuta. Binti akalia, akasema atazunguka yeye mwenyewe kuzikusanya. Nikamwambia, "La, mwanangu. Ruhusa ilitoka kwangu." Nikaenda nyumba kwa nyumba kwa muda wa jioni mbili. Mzee mmoja akaniuliza, "Hata wewe, Maalim?" Nikamjibu, "Hata mimi." Nakala 28 nilizipata kwa mkono wangu, na 2 zilizokwisha pelekwa mbali nilizifuatilia kwa simu. Hatukuzitupa jaani. Tulizichoma, na majivu yake tukayafukia mahali safi.

Kwa hiyo, enyi vijana mnaopenda kazi hii, shikeni mambo manne.

La kwanza, aya isomwe herufi kwa herufi na watu wawili, na Msahafu ukiwa wazi mbele yao, kabla ya kuchapishwa. Mmoja wao akiwa mwanafunzi mdogo, ni kheri zaidi.

La pili, someni masharti ya mwenye kifurushi. Wengi huruhusu kitumiwe nyumbani lakini hukataza kuuza. Sura al-Maida yaanza kwa kuwaamrisha waumini watimize ahadi zao, na sharti ulilolikubali ni ahadi.

La tatu, msitundike pambo upande wa kibla pale mnaposalia. Imepokewa katika Bukhari kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alimwambia Bibi Aisha aliondoe pazia lenye nakshi kwa kuwa lilimshughulisha katika sala.

La nne, epukeni ukuta unaopigwa na jua au wenye unyevu. Wino wa mashine hupauka, na karatasi hujikunja. Majira yakipita, itieni karatasi katika bahasha, mwandike jina la mwezi wake, muilaze hadi mwakani.

Yule binti aliitengeneza kazi upya, na safari hii nukta alizihesabu kwa kidole. Nilipoletewa, sikuishika kwanza mimi. Nilimwita yule mtoto wa miaka saba, nikamwambia, "Haya, tusomee." Akasoma polepole mpaka mwisho, sote tumekaa kimya tukimsikiliza, kisha akasema, "Sasa ni shini, Maalim."

Mwenyezi Mungu atupe macho ya kutazama na moyo wa kukubali kosa. Amin.

Wassalaam.