Ujuzi wa Shambani Katika Mkoba wa Mashine

Wanafunzi wa Kindu husikia siku hizi habari za akili bandia, mashine ile ijibuyo maswali, na baadhi yao wametuuliza: je, mashine hiyo yaijua mihogo yetu? Twajibu kwamba yaijua kwa kuisoma. Imelishwa maandishi mengi ya dunia nzima, lakini shamba la Maniema halikuandikwa sana humo.

Tuutazame muhogo wenyewe, maana ni nyumba chache kwetu zisizokula unga wake au sombe yake. Magonjwa yake makubwa ni mawili. La kwanza ni batobato: majani machanga hupata mabaka ya manjano, hujikunja, hudumaa. Hilo hata mtoto huliona. La pili huitwa michirizi ya kahawia, nalo lilielezwa na wataalamu huko Tanganyika mwaka 1936. Ugonjwa huu ni wa hila. Shina husimama, majani ya juu hubaki mabichi, na mama hupita shambani moyo wake umetulia. Siku ya kuchimba aukata muhogo, akuta ndani uozo mkavu wa kahawia. Jasho la mwaka mzima limekwisha bure. Magonjwa yote mawili ni ya virusi. Huenezwa na nzi weupe wadogo, na pia na vipande vya miti tunavyopandia, wala hakuna dawa ya kuyaponya. Basi asiyejua huchukua miti ya shina lililoonekana zima, akampa na jirani yake kwa wema.

Mtaalamu wa kilimo aliyekomaa hadanganyiki upesi hivyo. Huinama, hutazama majani ya chini na si ya juu tu, hulichunguza shina, huuliza miti ya kupandia ilitoka wapi, kisha hukata mzizi. Utaratibu huo umo kichwani mwake na mikononi mwake. Akihamishwa, huondoka nao.

Mwaka 2025 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza njia ya kuuweka akiba ujuzi wa namna hii, na kabla ya mwaka kwisha ikaifanya kanuni iliyo wazi kwa kila mtu. Njia hiyo ni ya kuwasaidia mawakala, yaani programu za akili bandia zisizojibu tu bali hutenda kazi hatua kwa hatua. Ujuzi mmoja huwekwa katika folda moja. Ndani yake mna faili ya maneno ya kawaida: jina la ujuzi, maelezo mafupi ya wakati wa kuutumia, kisha maagizo. Majedwali na programu ndogo zaweza kuongezwa. Wakala hashiki yote kwa pamoja. Hukumbuka majina na maelezo mafupi tu, kama fundi ajuaye kilichomo katika kila sanduku lake. Kazi ikija, ndipo hufungua lile linalohusika na kusoma yaliyobaki.

Kabla ya hapo palikuwa na Nuru, programu ya simu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State pamoja na taasisi ya IITA. Hiyo hutambua magonjwa ya muhogo kwa kamera, hata pasipo intaneti. Twaisifu; lakini kuifundisha kulihitaji maelfu ya picha. Faili tunayoisema yaweza kuandikwa na mtu mmoja aijuaye kazi yake.

Na hapo ndipo penye shida, kwa kuwa kuijua kazi na kuiandika ni mambo mawili. Maelezo mafupi yakiandikwa kwa majina ya kitaalamu matupu, naye mama akasema, “Sombe yangu imejikunja,” huenda faili isifunguliwe kabisa. Maagizo yakisahau neno moja, kwamba shamba lisihesabiwe kuwa zima kabla ya kukata mizizi, mashine itawaambia watu wapande ugonjwa, tena kwa lugha tamu. Iandikwe pia mahali pa kukoma: dalili zisipoeleweka, wakala amwite mtu. Tarehe nayo isikose. Manahodha waendao kutoka Kindu hadi Ubundu wajua jinsi mchanga wa Lualaba unavyohama. Ramani ya zamani yaweza kukwamisha chombo. Nayo faili iliyotoka kwa mtu usiyemjua isipokewe kabla ya kusomwa yote, maana yaweza kuficha amri mbaya.

Sisi twaona yafaa wataalamu wa Maniema waandike wenyewe, wakikaa na akina mama walimao. Wasipoandika, wakala ataleta shauri la ugenini: nunua miti safi iliyothibitishwa. Shauri ni jema, ila lipi duka la kijijini liuzalo miti hiyo? Faili ya kwetu ingesema jinsi ya kuchagua mashina wakati wa mavuno, baada ya kuona mizizi, na kung'oa mapema yaliyo magonjwa.

Mtasema umeme ni haba na simu za namna hiyo ni chache. Ni kweli. Lakini faili hii ni maandishi, na maandishi huchapwa. Mwalimu aweza kuichukua karatasi hiyohiyo mpaka bustani ya shule, akawasomea wanafunzi hatua moja moja, huku mmoja wao ameshika kisu tayari kukata mzizi.