Kiliwacho Barazani Kifike na Nyumbani

Ndugu msomaji, ukitoka soko la Darajani, lililofunguliwa mwaka 1904, ukavuka barabara na kuingia Mlandege, umekwisha kuuacha Mji Mkongwe na kuingia Ng'ambo. Jina hilo ni la tangu siku ambazo mkono wa bahari ulizitenga pande hizi mbili, watu wakivuka kwa daraja. Maji yamefukiwa zamani na daraja limebaki katika jina tu. Lakini desturi ya kunywa kahawa barazani haikufukiwa.

Utaitambua kwa dalili zake. Dele lenye mdomo mrefu limekaa juu ya makaa. Kando yake vimepangwa vikombe vidogo visivyo na mkono, pamoja na kashata na halua, kwani kahawa hiyo ni chungu na haitiwi sukari. Anayetaka kushiba huingia mkahawani, akaagiza chai na mkate wa kumimina, au mkate wa mofa, chapati, vitumbua, mbaazi za nazi au muhogo. Mazungumzo hayalipiwi. Tarehe 13 Januari 2024 klabu ya Mlandege iliifunga Simba bao 1-0 katika fainali ya Kombe la Mapinduzi. Habari kama hiyo humaliza dele zima.

Vyakula hivyo ni historia ya pwani yetu. Kahawa hulimwa Bukoba na Kilimanjaro. Chapati ilitoka Bara Hindi, na mkate wa ajemi unataja asili yake kwa jina. Muhogo uliletwa na Wareno kutoka Amerika. Wageni wote hao walipokewa na tui la nazi, wakawa wenyeji.

Hata hivyo, hebu tujiulize: ni nani anayekaa pale? Baraza ni ya wanaume. Wanaoamka alfajiri kukuna nazi na kuchoma vitumbua, mara nyingi ni kina mama, na wao hawana nafasi katika benchi lile. Tena yako majumba ambamo baba hustaftahi mkahawani akaenda kazini ameshiba, ilhali watoto wameondoka kwenda shule kwa chai ya rangi na kipande cha boflo. Hatusemi baraza ivunjwe, la hasha! Pale watu hupata habari, hupatana na huliwazana. Tunasema kuwa ladha ya mkahawani isiishie mkahawani.

Chukua mkate wa kumimina. Mchele hulowekwa usiku kucha, ukasagwa pamoja na tui zito, iliki na hamira mpaka ukawa laini kabisa. Huachwa uumuke, ndipo hutiwa sukari, na wengine huongeza ute wa yai. Sufuria hupakwa mafuta, ikapashwa moto, kisha uji ule humiminwa, na hapo ndipo jina lilipotoka. Chini ukishaiva, uso wake huelekezwa kwenye makaa hadi uwe na rangi ya dhahabu. Hakuna kitu cha anasa hapo. Linalotakiwa ni subira, na mkono uliofunzwa.

Mkono huo ndio tunaouhofia. Boflo hununuliwa dukani bila jasho, na msichana asiyemwona mama yake akimimina hatajua ni lini uji umeumuka vya kutosha. Akikosa kujua yeye, kesho mkahawa nao utakosa wa kuupikia.

Basi, ndugu msomaji, ukipita Mlandege kunywa kahawa yako, nunua na vipande vya kufungia watoto. Siku ya mapumziko, loweka mchele jioni. Nazi akune baba, kwani mbuzi hachagui wa kumkalia, na watoto wote, wa kike na wa kiume, wasimame karibu na jiko waone uji unavyomiminwa.