Pikapu zinazonyanyuliwa: springi mpya haziongezi uzito ulioruhusiwa

Pikapu zinazobeba miraa kutoka Maua, kaunti ya Meru, hadi Nairobi zinajulikana kwa mambo mawili: mwendo wa kasi na mzigo unaozidi kimo cha bodi. Jambo la tatu halionekani kwa anayepishana nazo. Nyuma, chini ya bodi, nyingi zina springi zilizoongezwa baada ya gari kutoka kiwandani. Hali ni hiyo hiyo kwa pikapu za wafanyabiashara wa viazi, saruji na mbao, na hata zile za kampuni za utalii zinazokwenda mbugani.

Kubadilisha springi na shokamzoba, ambazo mafundi wengi huziita shokapu, si kosa. Mara nyingi kuna sababu nzuri. Swali tunalolitazama hapa ni hili: gari likishanyanyuliwa na kuimarishwa, nani anahakikisha kwamba bado linasimama na kukata kona kama inavyotakiwa? Kwa sasa jibu ni kwamba kazi hiyo imebaki kwa fundi na mwenye gari peke yao.

Kwa nini watu wanabadilisha

Pikapu za daraja la kati, kama Toyota Hilux, Isuzu D-Max na Ford Ranger, zimejengwa kwa mpango unaofanana. Mbele kila gurudumu linajitegemea na lina springi ya koili. Nyuma kuna ekseli moja ngumu inayokaa juu ya springi za vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Nissan Navara ya kizazi cha karibuni ni tofauti kidogo, kwani aina zake nyingi zina koili hata nyuma.

Kiwanda huziunda springi hizo kwa kuridhisha pande mbili. Gari likiwa tupu lisirukeruke mno, na likiwa limejaa lisiguse chini. Mteja wa Bangkok na mteja wa Kitale wanaletewa karibu gari lile lile, ilhali barabara zao hazifanani. Kwenye barabara ya vumbi yenye rasta, yale mawimbi madogo madogo yanayotikisa gari mfululizo, shokapu za kawaida hupata joto kali na kupoteza nguvu. Mwenye gari anayebeba mzigo kila siku huona nyuma imelala, na hapo ndipo anapomtafuta fundi.

Fundi ana njia kadhaa. Anaweza kuongeza kipande kimoja au viwili katika springi za nyuma, kufunga seti kamili iliyotengenezwa kwa uzito mkubwa zaidi, au kuweka mifuko ya hewa inayojazwa upepo wakati wa mzigo. Mbele anaweza kuweka koili ndefu zaidi, au kipande cha kuinua juu ya koili ya zamani. Seti kamili ni ghali, na wengi huishia kwenye njia ya kwanza, wakati mwingine kwa vipande vilivyotoka kwenye gari jingine kabisa.

Kile ambacho springi haiwezi kufanya

Hapa ndipo kosa kubwa linapoanzia. Springi ngumu hufanya gari lililojaa lionekane limesimama sawasawa. Dereva akiona nyuma haijalala, huamini gari linaweza kubeba zaidi. Lakini uzito wa juu ulioruhusiwa, ule ulioandikwa kwenye kibao cha gari, haukupangwa kwa kuangalia springi peke yake. Breki, beringi za magurudumu, ekseli, matairi na fremu vyote vimo katika hesabu hiyo, na hivyo havikubadilishwa.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pikapu ina kilo 2,000 ikiwa tupu na inaruhusiwa kufikia kilo 3,000. Inabaki kilo 1,000. Ndani wamo watu watano wa kilo 75 kila mmoja, jumla kilo 375. Mwenye gari amefunga bampa la chuma, keria na gurudumu la akiba la pili, tuseme kilo 150. Kilichobaki kwa ajili ya mzigo ni kilo 475. Hayo ni magunia matano ya mahindi ya kilo 90, si kumi. Ukiweka springi zenye nguvu maradufu, hesabu inabaki ile ile.

Shokapu nazo zina kazi yake. Springi ndiyo inayobeba uzito. Shokapu huzuia springi isiendelee kuyumba baada ya kushtuliwa. Springi ngumu ikifungwa pamoja na shokapu ya zamani, gurudumu hurushwa juu na kuchelewa kurudi barabarani. Gurudumu lisilogusa barabara haliwezi kufunga breki wala kugeuza gari.

Breki, taa na usukani

Kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hulisahau. Hilux nyingi za zamani na pikapu nyingine za rika lake zina vali inayogawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Vali hiyo hupima umbali kati ya ekseli ya nyuma na fremu. Nyuma ikilala, vali huelewa kwamba gari lina mzigo na kupeleka nguvu zaidi kwenye breki za nyuma. Ukiinua nyuma kwa springi mpya bila kuirekebisha, vali hudhani gari ni tupu hata likiwa limejaa. Breki za mbele hubeba kazi karibu yote, na umbali wa kusimama huongezeka.

Gari likiinuliwa mbele, pembe za viungo vya usukani na za shafti zinazoendesha magurudumu hubadilika. Matairi huanza kulika upande mmoja, na usukani huweza kulegea katikati au kuvuta upande. Ndiyo maana alaimenti ya magurudumu si jambo la hiari baada ya kazi hiyo. Kinyume chake, nyuma ikilala kwa mzigo huku mbele ikiwa juu, taa huelekea angani na kumpiga machoni dereva anayekuja. Usiku, kwenye barabara ya njia mbili, hilo peke yake linatosha kuua.

Mifuko ya hewa nayo ina tahadhari yake. Springi ya vyuma bapa hugawa uzito kwenye fremu katika sehemu mbili, mbele na nyuma ya ekseli. Mfuko wa hewa huusukuma uzito huo katika sehemu moja, katikati. Nchini Australia, ambako pikapu hufungwa vifaa vingi vya safari na kuvuta karavani, kupinda kwa fremu kwa namna hii ni tatizo linalofahamika vizuri kwa mafundi.

Pengo la sheria

Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inahusu magari yenye uzito wa jumla kuanzia kilo 3,500. Lengo lake kubwa ni kulinda barabara zisiharibiwe na malori. Pikapu ya daraja la kati imesajiliwa chini ya kiwango hicho, kwa hiyo kwa kawaida hupita kando ya mizani bila kupimwa. Ikiwa imejazwa kupita kiasi, huenda kwa kweli imevuka kilo 3,500, lakini hakuna anayejua.

Sheria za usalama barabarani za Kenya na Tanzania zinakataza kubeba kuliko gari lilivyoruhusiwa. Tatizo ni kwamba askari aliyesimama kando ya barabara hana mizani. Anachotumia ni macho, na springi zilizoongezwa zinayadanganya macho hayo hayo. Gari lililolala hukamatwa. Gari lenye mzigo ule ule lakini lililonyanyuliwa hupita.

Ukaguzi wa kila mwaka nao huliona gari likiwa tupu. Nchini Kenya, rasimu ya kanuni iliyotolewa mwaka 2025 ilipendekeza kupanua ukaguzi hadi magari binafsi yenye umri wa zaidi ya miaka minne. Mjadala mwingi umekuwa juu ya gharama kwa wananchi. Swali la magari yaliyofanyiwa mabadiliko halijapewa nafasi inayostahili.

Australia wanafanya vingine. Mtu anayetaka gari lake libebe zaidi hufunga seti iliyojaribiwa na kuidhinishwa kwa aina hiyo ya gari, kisha uzito mpya huandikwa rasmi na kibao kipya hubandikwa. Anayefunga springi tu bila kibali anabaki na uzito wa zamani kisheria. Faida ya utaratibu huu ni kwamba askari, kampuni ya bima na mnunuzi wa baadaye wote wanasoma takwimu moja.

Hatusemi utaratibu huo uletwe ulivyo. Mfanyabiashara wa Makambako au Molo halipwi kwa kilo zilizoandikwa kwenye kibao, analipwa kwa gunia lililofika sokoni, na bei ya mafuta haimngojei. Akiambiwa apunguze mzigo nusu, atauliza nani atafidia safari ya pili. Lakini yapo mambo yanayoweza kuanza bila gharama kubwa: mizani ndogo za kuhamishika kwa magari mepesi, swali la springi kwenye fomu ya ukaguzi, na somo la mabadiliko ya springi katika mitihani ya ufundi ya NITA nchini Kenya na VETA nchini Tanzania, taasisi ambazo tayari huwapima mafundi waliojifunza kazi gereji.

Unapokwenda gereji

Kwa aliyeamua kubadilisha, mambo machache yanaokoa pesa na maisha. Pima kwanza uzito halisi unaobeba kila siku, ndipo uchague springi. Nunua springi na shokapu zinazolingana. Pima kimo cha gari katika magurudumu yote manne, kuanzia katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kabla na baada ya kazi. Usikubali springi ichomelewe, kwa kuwa moto huondoa ugumu wa chuma na kukiacha kivunjike ghafla.

Bushi za mpira zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Zikikazwa hewani, hubaki zimejisokota kila gari linapotembea na kuchanika mapema. Baada ya kilomita mia kadhaa, rudi ukaze tena yubolti, kwa sababu springi mpya hujikalia na nati hulegea. Kisha fanya alaimenti, rekebisha taa, na mwambie fundi aikague vali ya breki kama gari lako linayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa katika ajali za barabarani duniani mwaka 2021, na Afrika ndiyo yenye kiwango kikubwa zaidi cha vifo kwa idadi ya watu. Hakuna anayejua ni wangapi kati yao walikuwa mbele ya pikapu iliyoshindwa kusimama kwa wakati. Hawatajulikana maadamu gari linaruhusiwa kubadilishwa tumboni huku karatasi zake zikisema ni lile lile.