Neno Nililolitia Mdomoni mwa Mtoto

Niseme mapema ili mtu asinidhanie vibaya: mimi ni mpenzi wa tamthilia za mizimu. Siandiki kama wale wanaozitazama kwa siri kisha darasani wakazicheka. Kwetu Kikula, umeme ukiwapo jioni, tunakaa watu saba au kumi mbele ya televisheni moja, pamoja na watoto wa jirani, na bukari inaweza kuungua juu ya mbabula bila mtu kunyanyuka. Tamthilia tunayoifuata sasa inatoka Nijeria na imetiwa sauti za Kifaransa. Kambo yangu haelewi Kifaransa zaidi ya salamu. Kwa kuwa mimi ndiye ninayesoma lugha chuoni, nimewekwa kuwa mkalimani wa nyumba.

Kazi hiyo nilikuwa naifanya kwa majivuno. Sehemu tuliyoitazama majuma matatu yaliyopita imeniondolea majivuno hayo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mtoto wa miaka tisa, yatima, analelewa na baba yake mdogo. Biashara ya huyo baba mdogo imeanguka, na mke wake ameharibu mimba mara mbili. Mhubiri anaitwa nyumbani, anazunguka chumba kwa chumba, kisha anasimama mbele ya mtoto. Usiku tunaonyeshwa kivuli kikitoka kitandani. Kesho yake mtoto anafungwa asile, anaombewa, anapigwa, mpaka anatapika kitu cheusi. Muziki unapanda. Mtoto anasema maneno machache, na sehemu inakwisha.

Nyumba nzima ilipiga makofi, na mimi nilipiga. Kambo akaniuliza: «Ule mutoto anasema nini?» Nikajibu mbiombio: «Anasema eko mulozi.» Kambo akanyamaza kidogo, kisha akauliza: «Wa myaka tisa? Na nani alimufundisha?» Sikuwa na jibu, na nilikuwa nangojea tangazo la sehemu inayofuata.

Siku mbili baadaye sehemu ile ilirudiwa mchana. Niliitazama peke yangu, na safari hii nikasikiliza. Mtoto hakusema kwamba yeye ni mlozi. Kwa Kifaransa chao alisema tu kwamba kuna kitu ndani yake na kinamuuma. Mhubiri ndiye aliyesema «sorcier», tena mara nyingi. Mimi nilichukua neno la mhubiri nikalitia mdomoni mwa mtoto.

Mwalimu akinikuta na kosa hilo katika zoezi atanikata alama mbili. Lakini uani kwetu kosa lile lilikuwa limeshatoka nje. Kuna mtoto mmoja jirani, analelewa na shangazi yake, na usiku hukojoa kitandani. Jioni ile alikuwa amekaa sakafuni miguuni pangu. Kabla ya juma kwisha, wenzake walikuwa wakimkimbia kwenye bomba la maji na kumwita «mulozi» kwa wimbo. Sijui kama wangemwita hivyo hata bila mimi. Najua tu kwamba neno walilolitumia ni langu, na kwamba walilisikia likitoka kinywani mwa mtoto wa kwenye televisheni kwa ukalimani wangu, kana kwamba mtoto anaweza kujishuhudia mwenyewe.

Hapo ndipo nilipoanza kulifikiria neno lenyewe. Katika Kiswahili tuna kitenzi kuloga, na wengine husema kuroga. Mulozi ni yule anayeloga, yaani anayetenda. Ndoki wa Kilingala, neno lililotoka Kikongo, ni wa shina hilohilo la kale la lugha za Kibantu. Shina hili linamtaka mtu mwenye nia na tendo. Kwa hiyo swali la Kambo lilikuwa swali la sarufi hata kama yeye hakulijua kwa jina hilo: ukisema mulozi, lazima useme pia alitenda nini na alijifunza kwa nani. Tena Kambo anatenganisha watu ambao Kifaransa cha filamu hizi mara nyingi hukiweka kapu moja. Mulozi anadhuru kwa siri. Mufumu anapiga ramli na kutibu. Na kuna mtu aliyeingiwa na pepo bila kutaka. Huyo ni mgonjwa, na mgonjwa anahurumiwa. Mtoto wa tamthilia, kwa maneno yake mwenyewe, alikuwa katika kundi hili la tatu. Mimi nilimhamisha.

Rafiki yangu wa darasa ameniambia: «Ni filamu tu, yaya.» Namheshimu, lakini sikubali. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshtaki mtoto kuwa mlozi na kuagiza sheria imwadhibu anayefanya hivyo. Sheria ya kumlinda mtoto ya mwaka 2009 imefuata njia hiyo. Taifa haliandiki jambo la namna hii katika katiba yake kwa sababu ya filamu. Linaliandika kwa sababu watoto walifukuzwa majumbani, na shtaka lenyewe mara nyingi ni neno moja tu, bila shahidi.

Wala sisemi kwamba hadithi za mizimu zipigwe marufuku. Nikisema hivyo nitakuwa mwongo, maana kesho saa moja jioni nitakuwa mbele ya televisheni. Zaidi ya hayo, hadithi hizi zilipoanza zilikuwa na macho makali. Chukueni Living in Bondage ya mwaka 1992, filamu ya Kiigbo iliyofungua soko kubwa la video za Nijeria. Andy anataka utajiri wa haraka, anaingia katika chama cha siri, anamtoa mke wake Merit kuwa kafara. Anatajirika, kisha mzimu wa Merit unamfuata kila anakokwenda. Pale mzimu upo upande wa aliyeuawa, na anayetetemeka ni mwenye pesa. Katika mji wetu wa migodi, ambako kila mtaa unaweza kukuonyesha nyumba na kukunong'oneza ilivyojengwa, hadithi ya namna hiyo inaeleweka bila mkalimani. Lakini sehemu ile niliyoipigia makofi imegeuza mambo. Mwenye nyumba amefilisika, na anayetafutwa ni mdogo kuliko wote, asiye na mama wala baba wa kumsemea. Mimi mpenzi wa mizimu naona hapo mwandishi amekosea hata kwa kanuni za hadithi za mizimu.

Basi tufanye nini, sisi wa kitivo cha lugha? Dar es Salaam, Lufufu alijulikana kwa kuweka sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Kampala wanaye VJ Jingo kwa Kiganda. Watu hawa hawatafsiri tu. Huongeza maelezo, huuliza, humtania mhusika. Karibu nasi zaidi, Lubumbashi, kundi la Mufwankolo lilitengeneza michezo yake kwa Kiswahili cha Katanga, likianzia kwenye wazo au msemo na kuujenga mchezo kwa kuujadili wao kwa wao. Mwaka 1986 mtafiti Johannes Fabian alifuatana nao walipokuwa wakitengeneza mchezo kutokana na msemo kwamba madaraka huliwa mazima, na mwaka 1990 akachapisha kitabu juu yao. Kiswahili chetu, ambacho baadhi yetu tunakionea haya mbele ya walimu, kilibeba mjadala mzito vile.

Ombi langu kwa walimu ni dogo. Katika masomo ya tafsiri tunapewa kurasa za magazeti ya Ufaransa. Tupeni pia dakika kumi za tamthilia ambayo mama zetu wanaitazama, tuitafsiri kwa Kiswahili cha Likasi, na mtusahihishe neno kwa neno: nani amesema, amesema nini, na nani hakusema. Kwa wanafunzi wenzangu ombi ni dogo zaidi: msikiaji akiwa Kambo au mtoto aliyekaa sakafuni, usiharakishe.

Jioni moja nilizima sauti, nikamwambia Kambo mbele ya watoto wote kwamba nilitafsiri vibaya, na kwamba yule mtoto alisema tu anaumwa. Kambo akajibu: «Nilijua.» Watoto walisikiliza, wawili wakacheka. Mtoto wa jirani hakuwapo. Shangazi yake anasema siku hizi hapendi televisheni.